Marejea ya Bi Mwatum

Jumatatu moja ya mwezi wa Machi, baada ya kunywa chai kwa muhogo uliolala, Bi Mwatum alikwenda kupalilia konde lake. Alishamaliza matuta tisa, na la kumi alikuwa amefika katikati, jembe lilipochomoka mpini. Mbele yake palikuwa na mche mmoja wa marejea, gugu la kimo cha goti lenye maua ya manjano, ambalo huota popote bila ya kuombwa. Angeling'oa, lakini mkono mmoja ulishika jembe na wa pili umeshika mpini, na jua lilishakuwa kali. Akenda zake nyumbani. Asubuhi ya pili marejea yalimfika begani. Ilipofika Alhamisi yalikuwa yamelipita paa la kibanda chake cha kupumzikia, na Bi Mwatum akaona hakuna haja tena ya kuyang'oa.

Ardhi haikuwa yake. Aliazimwa na marehemu Mzee Kificho miaka ishirini na miwili nyuma, ilipokuwa udongo mwekundu ambao hata mkwaju wa porini uliukimbia. Masharti yalikuwa yale yale wanayopewa waazimaji wote wa Pemba: lima muhogo, lima viazi, lima upendavyo, ila mti wa kudumu usipande. Mwenye kupanda mti ana kauli juu ya pale uliposimama, yeye na wanawe, mpaka ufe. Bi Mwatum hakupanda mti. Alichofanya ni kubeba. Alibeba majivu, akabeba samadi ya ng'ombe, akabeba mabaki ya mwani kutoka ufukwe wa Wambaa na vichwa vya dagaa walivyotupa wavuvi, vyote kwa pakacha kichwani, mwaka baada ya mwaka. Hakuna aliyeihesabu kazi hiyo, kwa sababu kazi ya mwanamke mwenye pakacha haihesabiwi, na msimulizi huyu haoni sababu ya kulificha hilo.

Siku ya arobaini marejea yaliupita mkarafuu wa jirani. Yalibaki marejea kwa kila kitu: vijani vitatu katika kikonyo kimoja, ila kila kijani kilitosha kufunika kitanda; ua la manjano lenye mishipa ya rangi ya damu ya mzee, petali moja kubwa imesimama juu kama bendera, mbili za ubavuni kama mabawa, na mbili za chini zimeshikana kuwa mkuku kama wa mashua. Bendera zilipodondoka, wanawake waliziokota wakaanikia karafuu. Mize, jirani yake Bi Mwatum, alichukua mkuku mmoja akawa anarowekea nguo, akasema unahifadhi maji kuliko beseni la plastiki.

Tatizo lilikuwa nyuki. Ua la marejea halifunguki mpaka litiwe uzito, na nyuki wa kawaida hakuwa na uzito wa kulifungua ua la kiasi kile. Kazi wakaichukua kuku wa Bi Mwatum. Kuku aliparamia matawi, akatua juu ya bawa, mkuku ukafunguka chini yake, naye akatoka kifua kizima kimepakaa chavua, akarukia ua jingine. Kwa wiki tatu kijiji kizima kilikuwa na kuku wenye vifua vya manjano. Kila magharibi majani yalijikunja kwa ajili ya kulala, kama yafanyavyo majani mengi ya jamii ya kunde, na sauti yake ilikuwa sawasawa na ya watu wanaokunja majamvi baada ya maulidi. Aliyekuwa bado shambani aliisikia, akajua wakati umefika wa kutia udhu.

Mtoto wa Mzee Kificho, Haroub, aliyerithi ardhi ile, alikuwa mfanyabiashara wa Mkoani na mtu wa adabu. Kila Ijumaa baada ya sala alikuja na kanzu yake iliyopigwa pasi, akakaa chini ya marejea, akala muhogo wa nazi wa Bi Mwatum, akasifu kivuli. Alifanya hivyo Ijumaa saba. Ijumaa ya saba alijipangusa vidole, akasema kwamba udongo umekuwa mzuri mashaallah, kwamba amepata miche ya mikarafuu, na kwamba msimu ukimalizika ataitaka ardhi yake.

"Na mti wangu?" Bi Mwatum akauliza.

"Mti upi?"

"Huno unaokupa kivuli, babu. Au jua limekupiga?"

Haroub akatazama juu. Aliutazama kwa muda, kwani ulikuwa na mengi ya kutazamwa.

Mwenye ardhi akiuona mti wa muazimaji na akanyamaza siku arobaini, kijijini pale kimya chake kilihesabiwa kuwa ruhusa. Haroub alikwisha nyamaza siku arobaini na mbili, tena mdomo umejaa muhogo. Basi jambo lenyewe likawa jepesi kulieleza. Ikiwa marejea yale ni mti, Bi Mwatum anabaki maadamu yamesimama. Ikiwa ni jani tu, kama gugu lolote, anaondoka. Sheha Talib, kiongozi wa kijiji, alisikiliza pande zote mbili, akaandika barua ya kumwita afisa wa kilimo. Bi Mwatum akarudi kupalilia. Hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Kitu kinachotaka ngazi ili kichumwe kitakuwaje jani?

Afisa alikuwa kijana wa Tibirinzi aitwaye Fahmi. Alikuja kwa pikipiki, na kioo cha kukuzia, na fomu, akaazima ngazi ya msikitini. Alifanya kazi siku tatu, na mchana alikula kwa Bi Mwatum, ambaye alimwekea kipande kikubwa cha samaki aina ya changu na kumwambia mbele ya mashahidi kwamba si rushwa, ni ugeni. Fahmi alimpenda yule mama. Alitaka marejea yawe mti. Alitaka hivyo kwa moyo wake wote, na ndiyo sababu alitafuta gome kuanzia kileleni mpaka ardhini. Gome hakuliona. Akachukua kisu cha jikoni akalikata shina pembeni, kisu kikaingia kama kinachoingia kwenye tango, yakatoka maji. Ndani palikuwa na kiini cheupe, laini. Ubao haukuwapo.

Siku ya tatu alifukua mizizi. Marejea huwa na vinundu mizizini, vidogo kama mtama, humo ndimo mmea unamotengenezea mbolea yake. Hivi vilikuwa vikubwa kama mabalungi, na vilikuwa ishirini na viwili: ishirini na kimoja vimekomaa, na kimoja kidogo cha mwaka huu. Fahmi alikata kimoja. Ndani kilikuwa chekundu hafifu, rangi ya ufizi, ambayo ndiyo rangi ya kinundu kizima chenye kufanya kazi. Kilitoa harufu ya mwani. Cha pili kilitoa harufu ya dagaa. Cha tatu hakukitambua, akampa Bi Mwatum akinuse.

"Hicho cha mwaka wa mvua kubwa," akasema. "Nilitia majivu ya tanuri la chokaa. Nilikuwa na mimba ya Saada."

Fahmi akaandika. Kisha akaigeuza fomu nyuma na mbele.

"Watafuta nini, mwanangu?"

"Fomu haina pahala pa vinundu, mama."

"Andika pembeni."

Akaandika pembeni, kwa herufi ndogo, vyote ishirini na viwili.

Jumapili walikutana barazani kwa Sheha Talib. Watu walijaa mpaka njiani. Sheha aliuliza kwa utaratibu, na Fahmi akajibu kwa utaratibu.

"Lina gome?"

"Halina, Sheha."

"Lina ubao?"

"Halina."

"Urefu wake vije?"

"Futi arobaini na tatu."

"Linaishi miaka mingapi?"

"Msimu mmoja. Likishakomaza maganda hukauka."

"Basi ni mti?"

Fahmi aliomba maji, akanywa gilasi nzima. "Ni jani," akasema. "Jani la jamii ya kunde."

Bi Mwatum akainuka, akajifunga kanga vizuri. "Hebu n'kuulize, mwanangu. Mgomba una ubao?"

"Hauna, mama."

"Una gome?"

"Hauna."

"Kwenye kitabu chako, mgomba ni mti?"

"Si mti. Nao ni jani."

"Haya, mmesikia. Haroub ana migomba nyuma ya nyumba yake. Kesho mie nakwenda kuipalilia, naing'oa yote, maana ni majani."

Baraza zima lilicheka, na Haroub alicheka pia, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu. Sheha Talib alingoja kicheko kiishe, akafungua faili, akatoa orodha ya mimea ya kudumu. Mkarafuu ulikuwa wa kwanza, ukafuata mnazi, mwembe, mfenesi, na wa tano mgomba. Marejea hayakuwamo.

"Nani kaiandika orodha hino?" Bi Mwatum akauliza.

"Wenye miti," akajibu Sheha, maana ndivyo ilivyokuwa.

"Na vile vinundu? Nani kavitia udongoni?"

Hapo hapakuwa na ubishi. Haroub mwenyewe ndiye aliyejibu. "Wewe, Bi Mwatum. Hilo hapana asiyelijua. Mwenyezi Mungu akulipe."

Watu wote wakaitikia amina. Bi Mwatum naye aliitikia, kwa kuwa dua ni dua, kisha akakaa na hasira zake. Sheha akaamua kwamba atabaki mpaka marejea yakauke.

Mize alimshauri awafungie kuku ndani ili maua yasichavushwe: jani lisipozaa halikauki, akasema, na wewe huondoki. Ulikuwa ushauri mzuri uliochelewa wiki tatu. Maganda yalishafungika, nayo yalinenepa, yakawa kahawia, kisha meusi. Mbegu zilijitenga na kulegea ndani, kama zinavyolegea katika kila ganda la marejea, na upepo ulipovuma zililia kayamba mpaka Wambaa. Muadhini aliongeza sauti ya spika. Bi Mwatum alikwea ngazi siku mbili akikata maganda kwa panga, akakata yapatayo sitini. Akatazama juu akaona yaliyobaki ni mengi kuliko umri wake, akashuka, akairudisha ngazi msikitini.

Marejea yalikauka siku ile ile ambayo Fahmi aliikisia katika fomu yake. Alasiri maganda yalipasuka, mbegu zikaruka juu ya mikarafuu ya majirani, na shina likalala taratibu juu ya matuta bila ya kumuumiza mtu, kwa vile halikuwa na ubao. Kesho yake Bi Mwatum alichimba muhogo wake wa mwisho. Udongo ulikuwa mweusi mpaka kiwiko. Alipokuwa akiukung'uta kwenye mizizi, Haroub alimsaidia kupakia gari la ng'ombe, na akamshukuru kwa kuitunza ardhi ya babake.

Mikarafuu ya Haroub ilizaa baada ya miezi kumi na minne. Mikarafuu mingine hungoja miaka sita au saba, lakini hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kila mtu aliujua udongo ule na aliyeutengeneza. Fahmi alikuja na fomu, akahesabu vikonyo, akaandika.

Wakati huo Bi Mwatum alikuwa ameazima pahala pengine, nyuma ya Wambaa, penye mawe mengi kuliko udongo. Alikuwa anamwaga pakacha la mwani siku binti wa Haroub, Zulekha, alipofika akiwa na kifurushi. Babake alimwagiza ampelekee konzi ya karafuu za mwanzo, kwa heshima.

Bi Mwatum alifungua kifurushi, akachukua moja, akaitafuna. Ilikuwa karafuu nzuri, yenye mafuta mengi, na nyuma ya ukali wake palikuwa na ladha ya mwani, ya dagaa, na ya majivu ya chokaa. Alizijua zote. Akaitafuna mpaka ikaisha.

"Mwambie babako nimezipokea, na ni karafuu njema," akasema. "Na mwambie nimelia. Asije akadhani nimefurahi."

Zulekha alifikisha yote mawili kama alivyoambiwa. Haroub alikuwa kibarazani akivaa viatu. Alisikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama Bi Mwatum hajambo kiafya, akaambiwa hajambo, akasema alhamdulillahi. Kisha akatoka kwenda shamba, kwani wachumaji walikuwa wanamngoja.