Mwongoza Kwaya na Sweta Lake

Mimi ni msusi, na mtaani kwetu watakwambia nina mikono myepesi na mdomo usio na breki. Yote mawili ni kweli. Saluni yangu ni chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, benchi la wanaosubiri na feni inayolalamika kama mgonjwa. Humo ndani hakuna jambo lisilosemwa. Wanawake wamenisimulia mimba, talaka, wakwe na waume, nami nimewajibu bila kupepesa macho, huku vidole vinakwenda.

Siku hiyo nilikuwa namsuka Muuza Mayai, mteja wangu wa miaka mingi. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umekamilika, mistari imelala vizuri. Upande wa pili nywele zilikuwa zimesimama wima kama zimepata habari mbaya. Ndipo mtoto wa kaka yangu alipoingia kutoka shule. Sisi humwita Kipaza, kwa sababu tangu azaliwe hajawahi kuhitaji kipaza sauti. Alikuwa darasa la saba, na ndiye aliyekuwa akiongoza kwaya ya shule kuelekea mashindano ya Jumamosi. Mwanafunzi, tena msichana, anasimama mbele na kuongoza wenzake! Nilikuwa nimewatangazia wateja wote, hata wale ambao hawakuuliza.

Joto lilikuwa kali, feni yenyewe ilikuwa inapuliza moto. Kipaza alikuwa amevaa sweta, amelifunga vifungo mpaka kooni.

"Shikamoo, shangazi. Shikamoo, mama," alisema kwa sauti ndogo isiyo yake.

"Marahaba. Mazoezi yamekwisha mapema?"

"Sikwenda. Siongozi tena."

Kitana kiliniganda mkononi. "Huongozi tena? Nani kasema?"

Alikaa kwenye benchi, mikono ameibana ubavuni kama mtu aliyewekewa vipimajoto kwapa zote mbili. "Basi tu."

Hilo neno silipendi. Mimi naamini kwamba mtoto akisema "basi tu", yuko mtu mzima aliyemwonea. Tena nilishamjua ni nani. Ni yule mwalimu wa kwaya, kijana mgeni mwenye viatu vinavyong'aa. Kaona sifa zinakwenda kwa binti, kampokonya. Damu ikanichemka. Nikavua aproni.

"Inuka, twende shuleni."

"Shangazi, hapana! Nakuomba!"

"Nimeshasema twende."

"Na mimi je?" Muuza Mayai aliuliza, akijishika zile nywele zilizosimama. "Unaniacha nusu nusu?"

"Nisubiri, narudi sasa hivi."

"Nikusubiri mpaka utoke polisi? Nani atanimalizia kichwa?" Akajitupia taulo la saluni mabegani na kutufuata.

Basi tukapita mtaani hivyo. Mimi mbele natifua vumbi, mtoto nyuma ananivuta gauni, na Muuza Mayai mwishoni, nusu bibi harusi na nusu kinyago. Fundi viatu alisimamisha nyundo yake kututazama. Nilimwambia aendelee na kazi.

Mwalimu tulimkuta kwenye ukumbi wa shule, anawaongoza waimbaji wake kwa mikono. Alinisalimu kwa adabu, nami sikungoja. Nilimmwagia yote, tangu wivu wake mpaka viatu vyake. Alisikiliza mpaka nilipoishiwa pumzi.

"Mama, sikumwondoa mimi," alisema. "Kajiondoa mwenyewe. Kaniambia koo linamuuma. Nimembembeleza mpaka nimechoka. Yeye ndiye anayejua kuwafanya wapumue pamoja. Nikiongoza mimi, wanaimba kama watu wanaosukuma gari bovu."

Waimbaji walicheka, na mwalimu mwenyewe akacheka. Hasira yangu ikakosa pa kwenda. Nilisimama pale nimeshika kitana, maana kumbe nilitoka nacho.

Akanivuta pembeni. "Nitamngoja mpaka Ijumaa. Lakini mama, si yeye peke yake. Wasichana wa darasa lake wamebadilika. Nikiuliza swali wanalijua jibu, ila hakuna anayenyanyua mkono. Wanajikunyata tu. Kuna mambo hawatamwambia mwanamume. Ungekuja Ijumaa ukazungumza nao?"

"Kuzungumza?" nilisema. "Mwalimu, hapo umefika penyewe. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Tulirudi saluni, nikammaliza Muuza Mayai. Alilipa, akajitazama kwenye kioo, akakaa tena. Alikuwa amenusa habari na hakuwa tayari kuondoka kabla hajaisikia.

Nikamkalisha Kipaza kwenye kigoda, mgongo kwangu, nikaanza kumfumua. Sikumuuliza kitu. Mtu aliyekupa kisogo chake usimsukume, atasema mwenyewe. Nilipofika utosini, akasema.

"Shangazi, mtu akiwa ananuka, atajuaje kama ameacha kunuka?"

Muuza Mayai alifungua kinywa. Nilimkodolea macho, akakifunga.

Polepole Kipaza akatueleza. Kuongoza kwaya ni kunyanyua mikono. Siku moja mazoezini aliinyanyua, na msichana wa mstari wa mbele anayeitwa Miwani akaziba pua. Wa pili akaziba. Kicheko kikapita safu yote ya waimbaji wa sauti ya kwanza, na neno "kikwapa" likapita nacho. Tangu hapo akavaa sweta ili asionekane amelowa, na sweta likamzidishia jasho, na jasho likamzidishia kulishikilia sweta. Nyumbani mama yake alidhani ana homa, akamnywesha dawa.

Niliumia, sitasema uongo. Mtoto anayeweza kuwafanya watu arobaini wavute pumzi kwa kidole kimoja, leo anaogopa kuchana nywele zake mwenyewe mbele ya watu. Nilitaka kwenda kumtafuta huyo Miwani saa hiyo hiyo.

"Kaa," alisema Muuza Mayai. "Mimi juani sitoki tena."

Nikapumua. Nikamgeuza Kipaza, nikanyanyua mkono wangu. "Nusa."

"Shangazi!"

"Nusa, nimekwambia. Mikono yangu iko juu kutwa nzima, na pua za wateja ziko hapa hapa chini. Haya."

Alinusa huku amefumba macho kama anayekunywa dawa. "Sabuni," alisema. "Na jasho kidogo."

"Ndiyo hivyo. Jasho haliniishi, na wala halijanifukuzia mteja. Mwili wako umeanza kuwa wa mtu mzima, na jasho lake ni jipya, lina harufu. Hujafanya kosa. Utaoga asubuhi na jioni, utasugua kwapa kwa sabuni, utajikausha vizuri, na fulana utaifua kila siku. Na hilo sweta livue, unajipika bure."

Nikamgeuza tena, nikaendelea kusuka. Maswali yakafunguka. Aliuliza kwa nini titi moja linauma na la pili limelala tu. Nikamwambia hayaanzi safari pamoja kila mara, lakini yatakutana njiani. Aliuliza kuhusu nywele za chini, nikamwambia kwamba hizo wateja hawaniletei, ila kila mtu anazo. Aliuliza kuhusu damu. Hapo Muuza Mayai hakujizuia tena.

"Mimi nilipovunja ungo nilijua nakufa. Nikagawa vitu vyangu. Dada yangu akachukua viatu, na mpaka leo hajavirudisha."

Kipaza alicheka, ile sauti yake ikajaa chumba. Tukamweleza yote, pedi na namna ya kuivaa, maumivu ya tumbo, kwamba siku zinaweza kuruka mwanzoni, na kwamba ni afya wala si ugonjwa. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi mwaka huo wote. Lakini nilipomaliza msuko wa mwisho alilichukua sweta lake, akalivaa.

"Nimeelewa, shangazi. Nitaoga na nitafua. Ila mbele yao sinyanyui mikono. Watakuwa wanatazama tu, wanangoja."

Nikafagia nywele sakafuni. Nikajiambia Ijumaa nitawanyoosha.

Ijumaa wavulana walipelekwa uwanjani kucheza mpira, na mwalimu akatoka, akatufungia mlango. Nikasimama mbele ya ubao. Nilikuwa nimevaa gauni langu jipya na nimejiandaa njia nzima. Nikainua macho, nikaona nyuso.

Nyuso tupu, zimenielekea zote, macho kodo. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria maishani mwangu. Maneno yangu yote ya maana nimeyasema kwenye visogo. Talaka, mimba, wakwe, yote nimeyajibu nikitazama utosi wa mtu. Uso kwa uso sikuwahi kumwambia mtu lolote zaidi ya bei.

"Wasichana," nilisema. Nikakohoa. "Mwili... mwili ni kitu ambacho... mnacho."

Kicheko kikalipuka. Miwani ndiye aliyecheka zaidi, nilimtambua kwa miwani yake mikubwa. Nilitamani kuwaambia wageuke wote wanipe migongo. Mikono nikaificha nyuma. Mimi, mwenye mdomo usio na breki, nilikuwa nimekwama kabisa, na nilijua nikishindwa hapa nimemzika mtoto wa kaka yangu pamoja nami.

Kipaza alikuwa amekaa nyuma kabisa, ndani ya sweta. Alikuwa ananitazama. Kisha akasimama, akapita katikati ya madawati mpaka mbele.

"Pumua, shangazi," alininong'oneza.

Akawageukia wenzake, akainua kidole. Wakanyamaza. Ni mazoea tu, wasichana wote wa kwaya walikuwa mle darasani. Akaanza kufungua vifungo vya sweta, kimoja kimoja, akalivua na kuliweka mezani. Halafu akanyanyua mikono yote miwili, juu kabisa, kama wimbo unataka kuanza.

Kwapa za shati zilikuwa zimelowa. Mkono wa Miwani ukaanza kwenda puani.

"Ndiyo, ni jasho," alisema Kipaza, kwa ile sauti yake yenyewe. "Nimeoga leo kwa sabuni na shati nimelifua. Jasho limetoka kwa sababu nawaogopa. Na kwa sababu mwili wangu unakua. Ambaye wake pia unakua, anyanyue mkono."

Hakuna aliyenyanyua. Nilitaka nimshushe ile mikono, nimfunike, nimtoe nje. Yeye hakuishusha. Alikaa hivyo hivyo akiwatazama bila chuki, kama anavyomngoja mwimbaji aliyechelewa kuingia.

Pale dirishani msichana mmoja mnene akanyanyua mkono. Na shati lake lilikuwa limelowa. Jirani yake akafuata. Mikono ikaanza kuinuka huku na huku, mingine ya nusu, mingine imenyooka, mpaka ya darasa zima ikawa juu isipokuwa wa Miwani. Alikuwa amekitazama kidawati chake. Mwishowe naye akanyanyua, akauliza bila kuinua uso.

"Na kama damu ikianza kesho, nikiwa jukwaani, itakuwaje?"

Hakuna aliyecheka. Nikaelewa kwamba binti huyu alikuwa akiwaonyesha wenzake kwapa za mwenzie ili asionekane yeye. Hasira niliyomwekea ikaniisha palepale.

"Shangazi atakujibu," alisema Kipaza. Akanitazama, akaona bado sina sauti. Ndipo akafanya jambo ambalo nitalikumbuka mpaka nizeeke. Alikuja akasimama mbele yangu, karibu kabisa, akanipa kisogo.

Nikaiona mistari yangu, ile niliyoisuka mwenyewe. Nikaweka vidole juu yake. Ulimi ukalegea.

"Miwani, mwanangu," nilisema juu ya kichwa kile, "hiyo si aibu. Utavaa pedi tangu asubuhi hata kama haijaanza, na nyingine nitakuwa nayo mimi kwenye mkoba, mstari wa kwanza. Wimbo ukiisha unakuja kwangu. Haya, nani mwingine ana swali?"

Kengele ilipolia walikuwa bado wananiuliza, na mimi nilikuwa bado najibu. Katikati ya majibu Kipaza alichepuka polepole akakaa pembeni, nami sikugundua. Nilikuwa nazungumza na nyuso.

Jumamosi nilikaa mstari wa kwanza, mkoba mapajani, Muuza Mayai ubavuni mwangu na nywele zake kamili. Kwaya yetu ilipanda jukwaani. Mwongoza kwaya huwageuzia watu mgongo, kwa hiyo nilichoona ni kisogo tu, na shati jeupe lisilo na sweta. Mstari wa mbele Miwani alikuwa amemkazia macho yeye peke yake.

Kipaza alinyanyua mikono. Ukumbi mzima uliona alama mbili za unyevu, na hakukuwa na mtu aliyekuwa na muda nazo, kwa sababu watoto arobaini walivuta pumzi moja, kisha wakaimba.

Walipomaliza nilisimama juu ya kiti. Nilipiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa, mpaka Muuza Mayai akanivuta gauni.

"Shuka, msusi," alisema. "Umelowa kwapa zote mbili."

"Najua," nilimwambia, nikaendelea kupiga.