Stoo ya Funza

Majirani walimwita Mama Mayai, ingawa mtoto hakuwa naye. Alikuwa na kuku mia moja na themanini wa mayai. Na ndani ya stoo iliyopakana na banda alikuwa na kitu ambacho mama yake mzazi hakutakiwa kukijua hata kidogo: funza.

Si funza wa chooni, jamani, tuelewane. Hawa aliwafuga mwenyewe, kwa makusudi, ndani ya mapipa sita, kwa maganda na mboga zilizooza za sokoni. Nzi wao weusi, wembamba, wapole, aliwaweka kwenye chandarua karibu na dirisha ili watage. Funza wakinona aliwachekecha akawapa kuku, na kuku walitaga kama wanashindana. Dagaa wa kuchanganya kwenye chakula alishawasahau.

Sasa kwa nini amfiche mama? Kwa sababu mama huyo ni mtu wa kufagia hadi uwanja wa jirani. Nzi mmoja akitua mezani, chakula chote kinamshinda. Na safari hii bi mkubwa hakuja kutembea, alikuja kujaribu kuishi. Kwa mwanawe wa kiume alikuwa analala koridoni, mkamwana hamwamkii, na kikombe chake kimetengwa. Kaka mtu alisema wazi: "Mchukue. Ila siku kuku wakikushinda, nakuja kumrudisha. Sitaki mama yetu alale njaa."

Kwa hiyo binti alimwambia mama, "Mle stooni kuna chakula maalumu cha kuku. Usijisumbue kuingia." Akaona yamekwisha.

Wiki tatu walikaa raha mustarehe. Mama alinenepa kidogo, akaanza hata kuimba akiosha vyombo, jambo ambalo binti hakuwa amelisikia tangu msiba wa baba.

Asubuhi moja binti alikwenda sokoni kuzoa maganda, na mama akafuata harufu. Akafungua stoo. Akafunua pipa la kwanza, akalifunika haraka. Akafunua la pili. Akakaa chini palepale akalia, maana alidhani mwanawe amezidiwa na kazi hadi chakula cha kuku kimemwozea, na kwa aibu amefunga mlango.

Angeuliza tu, basi. Lakini atamuumbuaje mtoto pekee aliyempa chumba? Akaenda duka la pembejeo, akanunua dawa ya unga ya kuulia viwavi. Akaichanganya na pumba, kama alivyofanya shambani kwake miaka yote, kwa kuwa wadudu hukimbilia pumba. Akanyunyiza mapipa yote sita. Nia yake ilikuwa ayamwage kesho, binti akitoka tena, asijue kitu.

Binti alirudi jua limepanda, kuku wanapiga kelele za njaa. Pumba juu ya mapipa hazikumshtua, maana yeye mwenyewe huzimwaga kila siku zinyonye maji. Funza walikuwa wamelegea, akasema moyoni ni baridi ya jana. Akachekecha ndoo mbili, akamwaga bandani. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anaanika nguo, hakuona.

Saa mbili hazikupita. Kuku wa kwanza alitokwa na udenda, shingo ikapinda, miguu ikakataa. Akafuata wa pili, kisha wakawa wanaanguka kumikumi. Binti alikimbia na maji, akarudi na mkaa uliosagwa, akawapanua midomo kwa nguvu, bure tu. Alasiri walibaki tisa, wamejibana kwenye kona wanatetemeka.

Mama, aliyekuwa amesinzia chumbani baada ya kuanika nguo, alikuja, akaona, akamshika binti bega.

"Ni wale wadudu, mwanangu," alisema taratibu. "Niliwaona asubuhi, nikawatilia dawa kwenye pumba. Nilijua utaona haya, ndiyo maana sikukwambia. Kumbe nimechelewa, wameshakuulia kuku."

Maneno yalimjaa binti mdomoni, ya hasira na ya haki. Akamtazama mama yake, jinsi alivyokuwa akimlilia yeye wala si kuku, akaona akiyatoa yatammaliza. Akayameza, na yalimchoma yakishuka.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ni wadudu."

Jumamosi kaka mtu akaja na gari. Wale tisa nao walishakufa. Akachungulia stoo, akatema mate, akamgeukia dada yake. "Yaani unafuga funza, halafu mama yetu anakaa humu humu?"

"Usimseme mwenzio," mama akamkatiza. "Kosa ni langu."

Binti aliinua uso. Kwa muda mfupi alidhani mama ameelewa, akaogopa, na papo hapo akatamani iwe hivyo.

"Ningeingia stooni siku ile niliyofika," mama akaendelea, "ningewaua mapema, na kuku wangekuwepo, na mimi ningekuwepo." Akamfuta binti machozi kwa kiganja. "Nisamehe, mwanangu."

Binti alisema amemsamehe, akambebea begi hadi garini.