Hodi ya Baraza la Mji

Nyumba ya Feza iliporomoka na mvua kwenye mteremko wa Kamembe. Tangu hapo akawa analala chini ya upenu wa duka lililofungwa, kitenge kikiwa pazia. Kwa hiyo aliposikia kwamba baraza la mji linatunga sheria ya kuwapa mabati wasio na makao, furaha ilimnyima usingizi.

Tatizo likawa makao ni nini. Wajumbe walibishana kutwa nzima. Wakisema kuta, vibanda vyao wenyewe vya kupikia havikuwa nazo. Wakisema kufuli, wengine walishapoteza funguo. Mwishowe mjumbe Mulume akainuka: "Makao ni pale muntu anabisha hodi, anajibiwa karibu." Wakapiga makofi. Ikabaki kuijaribu sheria hiyo kabla mwenyekiti hajatia sahihi.

"Banakuja kwako," Nyirahabimana, muuza samaki wadogo waitwao sambaza, alimwonya Feza. "Ukiitika tu, uko na nyumba. Mabati kwaheri. Funga kinywa!"

"Hodi ya muntu mzima niinyamazie? Miye?"

"Weye."

Wajumbe wakaja jioni, pamoja na mvua. "Hodi!" akaita mwenyekiti, Mzee Cubaka. Feza akauma upindo wa kitenge. "Hodi!" Akauma zaidi. Ya tatu Mzee aliitoa huku anakohoa, maji yakimtiririka shingoni, naye ni wa rika la marehemu baba yake Feza.

"Karibu, Mzee," likamponyoka.

Wakajibana wote chini ya upenu, wamefurahi.

"Hongera, Maman," akasema Mulume. "Tumeshapunguza mumoja."

"Na mabati?"

"Mabati ni ya basio na makao. Weye unakaribisha bageni."

Mzee Cubaka akaomba ruhusa ya kuondoka, kama mgeni yeyote mwenye adabu.

"Siwapi," akasema Feza. "Bageni batoke kwangu bila kula? Mungoje ugali."

Moto ukakataa kuwaka. Upenu ukavuja. Mulume akataka kuchomoka, Mzee akamshika koti.

"Mwenye nyumba hajatuachilia. Si weye ulisema ni nyumba?"

Wakakaa, wakiitazama sufuria baridi, mpaka kofia ya Mzee ikalowa chapachapa.

"Mulume," akasema hatimaye, "toa ile karatasi ya sheria. Ongeza: na mgeni asilowe."

Mulume akaandika juu ya goti. Wajumbe wakainua mikono kwa taabu, maana nafasi haikuwapo, na Mzee akatia sahihi.

Feza akaisoma taratibu, yote. Kisha akasema wanaweza kwenda.