Konokono Mashoto

Mkungu Byarugaba, mkuu wa kilima, alipompa Clavery Buberwa karatasi ya kazi ya barabara, Clavery alikuwa amebeba kibuyu cha lubisi kwa mkono wa kulia. Kibuyu kilikuwa kimejaa pombe hadi shingoni, na njia ya kuteremka mtoni ilikuwa tope tupu kwa sababu mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Hapakuwa na mahali pa kukitua. Akapokea karatasi kwa mkono wa kushoto.

Angemrushia mkungu tope usoni, kosa lingekuwa dogo zaidi. Kwenye kilima cha Rwamigongo, kama kwenye vilima vyote kuanzia Bukoba hadi Muleba, kitu cha mkubwa hupokelewa kwa mikono miwili, au kwa wa kulia huku wa kushoto umeshika kiwiko. Clavery alilijua hilo kuliko wengi, maana alizaliwa mashoto na mama yake alimfunga mkono huo kwa kamba ya mgomba mpaka alipotimiza miaka saba. Alianza kuomba radhi kabla karatasi haijatulia kiganjani. Byarugaba alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamwamuru askari wake, Saburi, ampige viboko ishirini na vinne.

Walimlaza kifudifudi nyuma ya nyumba ya mkungu, palipopandwa kahawa changa. Kiboko kilipasua shati kwa pigo la tatu na ngozi kwa la tano. Kwenye la tisa damu ilimrukia Saburi mdomoni, akaomba maji, akasukutua, akaendelea. Pigo la kumi na tano lilikwenda vibaya, likampata kisogoni, na Clavery akaacha kupiga kelele. Saburi alimgeuza kwa mguu akamtazama. Mkungu akasema shimo lichimbwe hapo hapo, kati ya mistari ya kahawa, lisiwe mbali.

Kesho yake ilitangazwa kwamba Clavery ametorokea Uganda. Ilikuwa mwaka 1934, na vijana wengi walikuwa wakienda huko kulima pamba ya watu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza maswali mbele za watu. Karani wa baraza, Burhani, Mwislamu wa mjini Bukoba mwenye mwandiko wa kupendeza, aliandika neno "mtoro" mbele ya jina lake.

Benigna, mke wa Clavery, hakujua kuandika, ila alijua kilichotokea. Majirani watatu walisikia kelele zikikatika, kisha jembe likichimba kwenye kahawa, na wote watatu walimwambia huku wakitazama pembeni. Baadaye mkungu alimwita akamweleza desturi kwa upole. Kibanja kina mwenyewe akiwa juu ya ardhi anakilima, au akiwa chini ya ardhi amelala kati ya migomba yake. Kisicho na mwenyewe juu wala chini ni pori, na pori ni la mkungu. Mwanamke asiye na mtoto hukusanya sufuria zake na kurudi kwa baba yake, kwa upande wake Ijumbi. Akapewa muda hadi mavuno ya kahawa ya mwaka uliofuata.

"Basi nipe mume wangu nimzike, waitu," Benigna alisema, akimwita bwana kwa Kihaya.

"Kamuulize Mganda," mkungu alijibu.

Hakuwa na haja nyingine duniani. Alitaka mwili wa Clavery, aulaze alipolala baba mkwe wake na baba wa baba mkwe wake, aote moto jioni akijua yuko wapi. Kila siku alipita chini ya ile kahawa akienda kuchota maji, na kila siku alikaza macho mbele.

Konokono wa kwanza aliingia jikoni Jumanne moja ya mvua za vuli, Benigna akimenya ndizi. Alikuwa mkubwa kama ngumi na gamba lake lilikuwa jeupe. Konokono wa kule wana magamba ya kahawia, membamba, ya kuvunjika kwa kidole, kwa sababu mvua za ziwa zimeuosha udongo mpaka ukaishiwa chokaa, na konokono hawezi kujenga nyumba yake bila chokaa. Huikwangua popote ilipo: kwenye ganda la yai, kwenye ukuta uliopakwa, kwenye mfupa. Ana ulimi wenye maelfu ya meno na hana haraka. Benigna alimwokota akamgeuza. Gamba la konokono huzunguka kuelekea kulia, na kila aliyekua akiyachezea analijua hilo. Hili lilizunguka kuelekea kushoto.

"Umechelewa," alimwambia, akamwekea ganda la ndizi.

Kufikia Ijumaa walikuwa sitini, na mwezi ulipoisha walizidi mia tatu, wote weupe, wote mashoto. Waliteremka kutoka kwenye kahawa ya mkungu mchana kweupe, mvua ikinyesha, kila mmoja akiufuata ute wa aliyemtangulia. Walivuka njia, wakapita shamba la jirani bila kugusa jani, wakaingia kwa Benigna na kutulia kwenye mgomba wa tatu kutoka mlangoni, ambapo Clavery alizoea kukaa. Majirani walikuja kumsalimia Clavery. Walileta kahawa za kutafuna, kama ilivyo kwa mtu aliyetoka safari, wakakaa na kumpa habari za misiba na ndoa zilizompita. Bibi Celina wa nyumba ya pili alimtazama sana, akasema amepauka lakini hali si mbaya.

Habari zilimfikia mkungu. Akamtuma Saburi na gunia la chumvi.

Konokono akimwagiwa chumvi hutoa povu. Hujikunja, hupuliza pumzi nyembamba inayosikika, kisha maji ya mwili wake humtoka yote, akayeyuka akiwa hai. Saburi aliimwaga kwa konzi, kutoka mgomba hadi mgomba, na kibanja kizima kikajaa ile sauti ya kupuliza. Benigna alimrukia shingoni. Saburi akamvunja meno mawili ya mbele kwa rungu, akamsukumia kwenye mtaro, akarudi kwenye gunia lake, kwa kuwa alikuwa mtu asiyependa kuacha kazi nusu. Siku hiyo waliyeyuka zaidi ya mia.

Kinywa kilipopona, Benigna alikwenda barazani kushitaki, kwa jina lake na la mumewe. Kesi ilisomwa mara ya kwanza mwezi wa sita, ikaahirishwa siku hiyo hiyo. Kiangazi kilikuwa kimeingia, na wakati huo konokono hujivuta ndani, huziba mlango wake kwa ute unaokauka kama karatasi, na kulala. Burhani aliandika kwamba mdai wa pili amejifungia na hawezi kusikilizwa mpaka mvua. Mavuno ya kahawa yalipita, lakini mkungu hakuweza kukigusa kibanja kilichokuwa mikononi mwa baraza. Benigna aliisubiri mvua kuliko mtu yeyote wa kilima kile, na maharage yake yalikuwa bado hayajapandwa.

Mvua iliponyesha alikwenda na vikapu viwili vya konokono kichwani, kimoja juu ya kingine. Hakimu aliomba avione, akavichungulia, akasema ni vizuri mdai amefika. Mzee mmoja wa baraza alikuwa na tatizo. Konokono, alisema, kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja. Je, huyu bado anahesabika kuwa mume? Wazee walibishana mpaka chai ikapoa.

"Waitu," Benigna alisema mwishowe, "hawa mashoto hawapandani na wale wa kulia. Miili haikutani. Wanapandana wao kwa wao. Clavery hakuwa na mwanamke mwingine, na hata sasa hana."

Wazee wakaridhika, na Burhani akaandika kwamba ndoa ipo.

"Sema sasa unachotaka," alisema hakimu.

"Mume wangu aliuawa kwa kosa la kushika karatasi. Walimfukia kwenye kahawa ya mkungu. Hawa wamejijengea kwa mifupa yake, ndiyo maana ni weupe, ndiyo maana wanazunguka kama mkono wake. Nataka baraza liseme aliuawa, na nipewe nimzike."

Hakimu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalouma zaidi. Aliamuru pachimbwe. Baraza lote lilipanda kilimani, wanaume sita wakashika majembe, wakang'oa miti kumi na mmoja ya kahawa na kwenda chini mpaka kiunoni. Benigna alisimama ukingoni, ameshika kanga aliyoileta kumfunika. Walipata udongo. Walipata mayai ya konokono, madogo, ya mviringo, yamejaa kwenye mashimo mashimo. Hawakupata fuvu, wala ubavu, wala jino. Konokono walikuwa wamekwangua kila kitu na kukipeleka nyumbani.

Byarugaba alitazama shimo, kisha akavitazama vikapu, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyekumbuka alikoweka ufunguo.

"Waheshimiwa, mimi sibishi," alisema. "Huyu ni Clavery. Mkono ni wake, hata mtoto angemtambua. Nilisema alitoroka, mkaandika. Sasa amerudi. Niseme nini zaidi ya kumkaribisha?"

Hukumu ilisomwa Alhamisi. Burhani aliisoma kwa Kiswahili chake kizuri, na mzee mmoja akaitafsiri kwa Kihaya kwa waliokuwa nyuma. Baraza lilimtambua Clavery Buberwa bila wasiwasi wowote. Lilitambua pia kwamba amerudi mwenyewe, kwa mguu wake, hata kama ni mmoja tu kwa kila konokono, na mtu aliyerudi kwao kwa mguu wake hakuuawa. Kibanja kina mwenyewe juu ya ardhi, hivyo Benigna asisumbuliwe. Ombi la kuzika lilikataliwa, kwa kuwa aliye hai hazikwi. Neno "mtoro" lifutwe. Na kwa sababu mhusika sasa yupo, adhabu yake iliyokatizwa ikamilishwe, viboko tisa.

Burhani alisita kidogo kwenye neno "tisa," akamtazama Benigna. "Niwie radhi, bibi," alisema. "Ndivyo ilivyoandikwa." Mwandiko ulikuwa wake.

Vikapu vilimwagwa kwenye uwanja wa baraza, mbele ya watu. Saburi alivua koti. Pigo la kwanza lilivunja magamba ishirini kwa mkupuo, na vipande viliruka vikapiga ngazi kama kokoto. Kiboko kiliinuka na nyama na ute, kikashuka tena. Waliokuwa wazima walianza kukimbia, na konokono anayekimbia hajafika popote hata viboko vitatu vipite. Kwenye pigo la nne kipande kilimkata Saburi shavuni. Akajipangusa, akahesabu kwa sauti ili asirudie. Benigna alishikwa mikono na wanawake wawili. Alipiga kelele kila pigo, kelele ambazo Clavery hakuweza kuzipiga. Ilikuwa dhuluma, kila aliyekuwepo aliijua kuwa ni dhuluma, na ilipoisha kila mmoja alikwenda nyumbani kula.

Burhani alimletea karatasi na wino. Alimsomea kwamba mumewe amemaliza adhabu na ameondoka akiwa hai, na kwamba kibanja ni chake kwa msingi huo. Asipoweka dole gumba, karatasi haina nguvu na kibanja hakina mwenyewe. Benigna alikaa na kidole chenye wino hewani mpaka wino ukaanza kukauka. Halafu akakiweka.

Aliokota wazima, sitini na wawili, akawatia kwenye kikapu kimoja. Kwenye cha pili alikusanya waliokufa na kila kipande cha gamba alichokiona, akipekua nyasi kwa vidole mpaka jua likaelekea kuzama. Hakumwomba mtu ruhusa. Nyumbani alichimba kaburi kati ya migomba, karibu na la baba mkwe wake, akavimimina vipande ndani yake, akavifunika na ile kanga. Udongo wa juu aliuacha ausogeze asubuhi, kwa kuwa mikono ilikuwa imemwisha nguvu.

Asubuhi aliwakuta wale sitini na wawili shimoni. Walikuwa wametoboa kanga na wanakwangua. Konokono aliyeumizwa gamba huhitaji chokaa kuliko chakula, na iliyokuwa karibu ilikuwa ile. Alijaribu kuwatoa, wakarudi. Kufikia Jumapili hapakuwa na kipande hata kimoja, na magamba yao yalikuwa mazito, meupe kuliko mwanzo. Benigna alikaa ukingoni akalia mpaka Bibi Celina akaja kumshika. Kisha wawili hao wakalifukia shimo lililokuwa tupu, kwa sababu mtu angeweza kutumbukia.

Jumatatu ilikuwa zamu ya kilima chao kwenye kazi ya barabara. Wanaume walijipanga na majembe, na Saburi, akiwa na plasta shavuni, aliita majina. Alipofika kwa Clavery Buberwa, Benigna aliinua kikapu ili kionekane.

"Yupo," alisema, na Saburi akatia alama.