Sindano za Jumatatu

Katika mtaa wao mjini Baní, Jamhuri ya Dominika, mtu akiandikiwa sindano na daktari hakurudi hospitali kudungwa. Alinunua dawa, akaitia mfukoni, akaenda kwa Bibi, au Doña kama walivyomwita, Ercilia Pimentel, akainama juu ya kiti cha barazani na kulegeza mkanda. Kwa miaka thelathini na minane Ercilia alikuwa amedunga makalio ya mtaa mzima, ya padri yakiwemo, na hakuna hata kalio moja lililowahi kutunga usaha. Sharti lake lilikuwa moja tu: kichupa kisicho na karatasi hakigusi sindano yake.

"Nataka kusoma ninachokuingizia," aliwaambia. "Ukitaka kubahatisha, kacheze bahati nasibu."

Sharti hilo alilivunja kwa ajili ya mtu mmoja, Rudelvi, mtoto wa marehemu kaka yake.

Alimlea chini ya bati moja na Franchel, mwanawe wa kumzaa, na wote wawili wakawa watu wa besiboli. Rudelvi, sasa ana miaka thelathini na minne, alikuwa mpigaji katika ligi kuu kule Marekani. Franchel, ishirini na minne, alikuwa mrushaji, bado yumo kwenye ligi za chini, lakini safari hii aliahidiwa kujaribiwa na wakubwa wa timu ya ligi kuu mwezi wa pili. Miaka minne nyuma Rudelvi alikamatwa na dawa za misuli mwilini, akafungiwa nusu msimu. Redio ilimla nyama. Mtu alichora bomba la sindano kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa Ercilia, yeye ambaye hakujua lolote, na alilisugua kwa siku tatu. Mara ya pili adhabu ni msimu mzima, na kwa mwanamume wa umri ule msimu mzima ni mazishi. Halafu ukoo ukishapakwa matope mara mbili, nani angemwamini mdogo?

Kwa hiyo Rudelvi alipokuja Jumatatu moja ya Novemba na kichupa kiganjani, Ercilia alikiangalia kwanza kabla ya kumwangalia yeye.

"Baraka, shangazi," akaomba, kama watoto wote wawili walivyofunzwa kusalimia na kuaga.

"Mungu akubariki. Hicho nini?"

"Vitamini."

"Karatasi yake iko wapi?"

"Imebanduka kwenye begi. Si unajua joto hili?"

Joto halibandui karatasi kwa kucha. Ercilia aliona mikwaruzo, gundi ikiwa bado inanata pembeni.

"Nani kakupa?"

"Nino, wa jimu. Ya Ulaya hiyo. Shangazi, bega linaniuma, ninazeeka, wewe nidunge tu. Kila Jumatatu, wiki nane."

"Nino huyu aliyeuza pikipiki ya mjomba wake mwenyewe?"

"Ah! Mbona una maneno leo? Kama hutaki, nitamtafuta mwingine."

Neno hilo la mwisho ndilo lililomfunga. Mwingine angemdunga bila kuuliza. Ercilia akamwonyesha kitanda cha chumbani, akamwambia alale kifudifudi.

Alipochomeka sindano kwenye kizibo na kuvuta, dawa ilikuja polepole, nzito, ya njano. Mafuta. Hapo hakuhitaji karatasi tena. Marehemu mumewe alikuwa mfuga majogoo wa kupigana, na dawa ya namna hiyohiyo ndiyo aliyowadunga wiki chache kabla ya pambano, yeye Ercilia akiwashika mabawa. Upanga wa jogoo ulikuwa unawaka kama pilipili, jogoo anapigana kama ana mashetani, na kabla mwaka haujaisha wanamwokota amekufa chini ya kichanja, hajaguswa na mtu.

Akamtazama mwanaume mzima aliyelala pale, kisogo kimenyolewa vizuri, anasubiri. Moyo ulimwuma, kisha ukapanda hasira. Juu ya meza palikuwa na kichupa chekundu cha vitamini ya neva, kile cha kuvunja shingo, alichokiacha Nurys jirani kwa ajili ya jioni. Ercilia akakivunja taratibu, akavuta kwa bomba jingine, akadunga.

"Uuuwi! Shangazi, inachoma!"

"Ya Ulaya hiyo," akasema. "Tulia."

Tone jekundu likabaki kwenye pamba. Alimwambia ni damu. Mafuta yale aliyamwaga chooni, na shingo ya kichupa cha Nurys akaitia pamoja na mwili wake kwenye kopo tupu la maziwa, mbali na vigae vya wagonjwa wengine, watoto wa jirani wasije wakakanyaga. Jioni alimlipa Nurys kichupa kingine, akidai kile kimeanguka.

Ikawa hivyo kila Jumatatu. Wiki ya tatu Rudelvi alianza kuweka alama ya kalamu kwenye kichupa, pale dawa ilipoishia. Ercilia aliiona ile alama, akacheka kimoyomoyo. Yaani unanishuku mimi? Akavuta mafuta mpaka kwenye alama barabara, akayamwaga, akamdunga nyekundu yake.

Kilichomshangaza ni rungu lake la kupigia mpira. Rudelvi alikuwa akichezea timu ya mji mkuu katika ligi ya nyumbani, na kufikia Desemba alikuwa anapeleka mipira nje ya uzio kama mtu anayerusha maganda. Redio ileile ikamwimba. Alirudi nyumbani kifua mbele.

"Unaona, shangazi? Vitamini!"

"Naona," akasema Ercilia, akimwongezea ndizi za kuponda na salami. Ilikuwa kweli tupu, na utamu wa kuijua peke yake ulizidi utamu wa chakula.

Wapimaji wa dawa za misuli walikuja nyumbani siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wawili, mwanamume na mwanamke, na begi la buluu. Hawakupiga simu kwanza. Ndiyo kazi yao. Ercilia alimwona Rudelvi akitoka chumbani, na uso wake ukamwambia yote ambayo kinywa kilikataa. Mtu aliyedungwa vitamini haogopi mkojo wake.

Ilimbidi avue shati, ashushe suruali, akojoe huku mwanamume yule anamtazama. Mkojo ukagoma. Akanywa maji, akanywa tena, mpimaji nyuma yake kila hatua. Ulipotoka, ulikuwa mwepesi mno, haufai. Ikabidi wangoje upya. Ercilia akapika kahawa.

"Karibuni. Sukari nimeshatia."

"Asante, doña, haturuhusiwi," akasema mwanamke.

"Mnaogopa nitawawekea nini?"

Mwanamke akatabasamu bila kugusa kikombe. Rudelvi jasho lilikuwa linamtiririka hadi kidevuni. Alikuwa anamtazama shangazi yake kama mtoto aliyevunja sahani, na Ercilia angeweza kumtuliza kwa neno moja. Hakulisema. Mwache aonje, aliwaza, mwache ajue ladha yake. Saa tatu na robo kikombe kikajaa, chupa zikafungwa, wakaenda.

Ukiwa msafi, hakuna anayekupigia kukupongeza. Kimya ndicho jibu. Krismasi ikapita kwa kimya, nguruwe akachomwa, Mwaka Mpya ukapita. Rudelvi akaanza kuimba bafuni. Siku moja alimkumbatia shangazi yake, akamnyanyua na sufuria mkononi.

"Shangazi, hiki kitu hakionekani! Hawakioni!"

"Nishushe, maharage yataungua."

Alitaka kumwambia. Kwa jina la Mungu, alitaka. Lakini zilibaki wiki mbili, na akijua angekwenda kwa sindano nyingine. Akaona amngoje apande ndege kwanza. Baadaye angemwambia, wangecheka.

Siku ya Wafalme Watatu, tarehe sita Januari, Franchel akaja kutoka Santiago, alikokuwa akirushia timu ya huko. Kiwiko kilimsumbua. Alimfuata mama yake jikoni, akaegemea friji.

"Mama, Rudelvi unamdunga nini?"

Ercilia akageuka. "Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Vitamini."

"Mama..."

"Vitamini ya neva! Naapa kwa Bikira."

"Na wapimaji hawakuona kitu?"

"Wangeona nini, mwanangu?"

Franchel akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeambiwa siri bila kuambiwa. Ercilia aliliona, likamkera kidogo, hakujua kwa nini. Alisema kweli neno kwa neno. Hata padri asingemtoa kasoro. Na macho yake yote ya shaka, makali yalivyokuwa, alikuwa ameyaelekeza kwa Rudelvi. Hakubakiza hata moja la kumtazama mwanawe.

Vichupa vya Nino vilikuwa vinne, Rudelvi aliviweka kwenye kabati la chumbani. Viwili viliisha chooni. Viwili vilivyobaki hakuviona tena kabatini, akadhani Rudelvi amevitupa.

Mwanzoni mwa mwezi wa pili, siku mbili kabla ya safari yake, Rudelvi alikuwa mezani anamalizia wali simu yake ilipolia. Akaiweka sauti ya nje kama kawaida yake.

"Kaka, wamenikamata," ilisema sauti ya Franchel. Alikuwa analia. "Wamenipima Santiago wiki tatu zilizopita. Wamepiga leo. Nusu msimu. Wakubwa wamesema nisije kabisa."

Kijiko kilibaki hewani. "Haiwezekani."

"Ulisema haionekani!"

"Haionekani! Mimi si nilipimwa, huyu shangazi shahidi! Wewe umekula kitu kingine. Sema kweli, Franchel, umekula nini?"

"Sikula kitu! Vichupa vyako viwili tu, kama ulivyonielekeza!"

"Mwongo! Dawa ileile, kabati lilelile, mimi safi wewe mchafu? Usinitie mimi kwenye uchafu wako!"

"Naapa, kaka..."

Ercilia alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha vyombo. Angeweza kunyamaza hata sasa. Rudelvi angemwita mdogo wake mwongo maisha yote, naye angebaki shangazi mwema. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Akaenda chumbani, akarudi na kopo la maziwa, akalimwaga juu ya meza katikati ya sahani.

Vigae vilitapakaa juu ya kitambaa cha plastiki, shingo na miili, na mabaki mekundu yamekauka ndani. Rudelvi akavitazama. Akaanza kuhesabu kwa kidole, kimyakimya, akafika nane. Mkono wake ukaenda wenyewe nyuma, kwenye kalio.

"Mama?" simu ikasema. "Ni nini hicho kilichomwagika?"

"Ni vitamini," akasema Ercilia. "Ndiyo niliyomdunga. Ya Nino niliimwaga kila Jumatatu. Nilijua tangu siku ya kwanza ni ile ya majogoo."

Kwa mbali, kwenye simu, pikipiki ilisikika ikipita huko Santiago.

"Ulijua," Franchel akasema mwishowe. Sauti yake haikuwa ya kilio tena. "Nilikuja mpaka jikoni kukuuliza, Mama."

"Mwanangu, nilikuwa namchunga yeye..."

"Nilikuuliza."

Tangu alipojua kusema, Franchel hakuwahi kuaga bila kuomba baraka, hata walipogombana, hata akiwa na homa. Safari hii simu ilikatika tu. Ercilia akaisogelea meza, akaiinamia ile simu iliyozimika kati ya vigae.

"Mungu akubariki," akaiambia.