Sikio la Mwizi wa Mbuzi

Gazeti la darasa letu la ngumbaru hapa Kasikeu hutoka kila Ijumaa, na hadithi yake ya mfululizo naiandika mimi. Maneno hunakiliwa kwa mashine ya dukani, lakini mashine hiyo hugeuza picha kuwa madoa meusi. Kwa hiyo Kisilu, mchongaji wa vinyago, huchonga picha kwenye kibao, akakipaka wino na kukigonga karatasini. Mwalimu anasema magazeti ya Uingereza enzi za Malkia Viktoria yalipambwa vivyo hivyo, na mara nyingi mchongaji alimtangulia mwandishi. Nasi twafanya hivyo: mimi humdokezea Kisilu kisa, naye huchonga kabla sijaandika.

Nilimweleza kwamba mbwa alimng'ata mwizi wa mbuzi akamkata sikio la kulia. Kisilu akalichonga kulia, kama afanyavyo kwenye vinyago, akasahau kwamba kibao kikigongwa, kulia huwa kushoto. Na hapa sokoni mwenye sikio la kushoto lililokatika ni mmoja tu: Mzee Kyule, mwenye ufunguo wa chumba cha kanisa tunamosomea.

Gazeti lilitoka asubuhi, na kufikia adhuhuri watu walikuwa wakimsalimu kwa kumuuliza hali ya mbuzi. Alikuja darasani akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu chumba kitafungwa. Nilimwonyesha mstari uliosema wazi "sikio la kulia". Akajibu kwamba watu hawakuusoma mstari, waliliona sikio. Alisema kweli; nusu ya darasa bado wako kwenye silabi.

"Mzee, huyo si mwizi," nilimwambia. "Huyo anamkimbiza mwizi."

"Tangu lini?"

"Tangu Ijumaa ijayo."

Alifikiri, akakubali, kwa sharti kwamba mtu huyo awarudishe mbuzi wote na awe mrefu zaidi.

Taabu ni kwamba kibao cha Ijumaa hiyo kilikuwa tayari. Kilimwonyesha mwizi, sikio lake likiwa vilevile, akinywa uji kwa mjane mrembo huku amemwekea mkono begani. Kisilu alikataa katakata kuchonga kingine. Basi nikaandika kwamba shujaa alipowarudisha mbuzi alishukuriwa kwa uji, na kwamba mkono ule ulikuwa begani kwa sababu ya uchovu wa safari.

Mzee Kyule alifurahi mno. Aligawa nakala kanisani, akapeleka moja nyumbani.

Jumatatu iliyofuata tuliukuta mlango umefungwa. Mkewe, Ndunge, alikuwa ameketi kizingitini, ufunguo mkononi na gazeti mapajani.

"Mama Nzioka, sikio hili nalijua," aliniambia. "Mwanamke huyu simjui."

Nilimhakikishia kwamba huyo si mjane tena. Ni mke halali wa shujaa, na sura ijayo ingelieleza jambo hilo kikamilifu.

"Mke wake ana mwanya," alisema, akanionyesha wake.

Kisilu, aliyekuwa nyuma yangu, alimtazama kwa makini, kisha akanong'ona kwamba anashukuru, maana mwanya uko katikati.

Ndunge alitengeneza kitambaa chake kichwani, akamwagiza Kisilu asimnenepeshe. Akafungua mlango, akaufunga ufunguo kwenye ncha ya leso yake, akaketi kwenye benchi ya mbele. Alitaka kujua mapema, alisema, mke huyo atamwambia nini mumewe kuhusu ule uji.