Miezi Kumi na Minne ya Mwalimu

Daktari aligeuza kompyuta ili Mwalimu ajionee mwenyewe. Mstari mwekundu wa wagonjwa walio hai ulikuwa unashuka kama mteremko wa mlima.

"Saratani yako ya utumbo mpana imeshafika kwenye ini," alisema. "Kwa hesabu zetu, ni miezi kumi na minne."

Mwalimu alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja, na kilichomkera kuliko hata ugonjwa ni mtu mzima kubeba namba asiyojua uzito wake. Akavaa miwani.

"Hiyo kumi na minne ni ya nani?"

"Ni yako, mama."

"Yangu umeipata wapi, nami sijafa? Mstari wako unasema mwezi wa kumi na nne nusu ya wagonjwa wamekufa. Nusu nyingine wako wapi?"

"Wao... wanaendelea."

"Wanaendelea mpaka lini? Walikatwa ini, au walipewa dawa tu?"

Daktari hakujua. Mwalimu akamkazia yale macho yaliyowatoa jasho watoto wa watu miaka nenda rudi. "Basi, mwanangu, kawaulize wapasuaji kama ini langu linakatika. Hayo mengine ni ramli ya umeme."

Kumbe linakatika. Vivimbe vilikuwa viwili, upande mmoja. Wakaukata utumbo, wakalikata na ini, kisha zikafuata dripu za dawa zilizomfanya achukie hata harufu ya sabuni.

Shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, alikuwa ameipokea ile miezi kama amri ya serikali. Mwezi wa kumi na tatu akawakusanya ndugu waje kuaga. Walijipanga sebuleni, sura zimewashuka.

"Shemeji alikuwa mtu wa watu," akaanza.

Mwalimu alikuwa anawamiminia chai. "Sukari nikuwekee," akauliza, "au nilikuwa nikiweka?"

Waliondoka wamenuna, kana kwamba amewavunjia miadi.

Jambo moja tu hakulifanyia mzaha. Kwenye kiti cha dripu jirani na chake alikaa muuza mikate, mwanamke kijana, mwenye kicheko cha kuambukiza. Huyo alipewa na daktari miaka mitatu, kwa kuwa bado ana nguvu. Akaipangia mipango yote mitatu. Haikupita hata miezi mitano, wakamzika.

Mwaka wa sita, daktari yuleyule alimwomba Mwalimu asimame mbele ya wenzake, awe ushahidi wa mafanikio. Akakubali. Ukumbi ulikuwa umejaa makoti meupe.

"Mnanitazama kama muujiza," aliwaambia. "Mimi ni mkia wa ule mstari wenu, mnaochoka kuuchora mpaka mwisho. Mkia upo, ila ni mwembamba. Na muuza mikate mmemtaja wapi? Au mnahesabu wanaopendeza tu?"

Akatoka ukumbini. Daktari akamfuata mpaka kwenye korido.

"Sasa niwaambie nini, Mwalimu?"

"Uliwahi kuniuliza nilitaka kujua nini?"

"Hapana."

"Anzia hapo. Halafu waambie na usichokijua. Hakitakuua."

Alimwacha amesimama pale, akaenda kukaa kwenye foleni ya kipimo chake cha kila miezi sita. Viganja vilikuwa vimelowa jasho, kama kila mara. Akavifuta kwenye sketi, akangoja aitwe.